Roboti ya upasuaji haipasui yenyewe
Tangu roboti ya upasuaji iitwayo da Vinci iruhusiwe Marekani mwaka 2000, wengi huamini kwamba roboti humpasua mgonjwa yenyewe. Sivyo. Daktari huketi hatua chache kutoka kitandani, macho kwenye picha yenye kina, na vidole vyake ndivyo vinavyoongoza kila mkato. Programu hupunguza ukubwa wa mwendo wa mkono na kuchuja mtetemeko. Kwa kawaida, akiinua kichwa tu, mikono ya mashine husimama.

Kampuni inayoitengeneza, Intuitive Surgical ya California, ilianzishwa 1995. Nayo haikunenepa kwa kuuza mashine pekee: mapato mengi hutoka kwenye mikasi na vishikio vidogo vinavyotumika kwa idadi maalumu ya upasuaji, kisha hubadilishwa. Kama printa na wino wake, kwa kweli.