Kuzidisha oili hakuilindi mashine yako ya kufyekea

Masika yakianza na majani yakapanda, mashine za kufyekea zinatolewa stoo, na nyingi zinaishia kwenye benchi langu hapa Morogoro. Hapo ndipo naisikia tena ile sentensi: "Fundi, mimi nazidishaga oili kidogo ili injini isinoki," yaani isikwame ikafa. Anayesema leo ni msimamizi wa shule, kesho ni kijana anayefyeka kando ya barabara, keshokutwa ni mzee mwenye shamba la michungwa. Juzi nimeisikia kwa fundi mwenzangu, tena anamfundisha mwanafunzi wake. Nimechoka. Kuisahihisha kwa maneno mawili mteja akiwa na haraka ya kuondoka hakujasaidia, kwa hiyo leo naandika kwa urefu.

Nazungumzia tu-stroki, zile za kuchanganya oili kwenye petroli. Injini hii haina sampu, lile bakuli la kuwekea oili chini ya injini. Mchanganyiko unatoka kwenye kabureta unaingia kwanza tumboni mwa injini, kule kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Petroli inageuka mvuke, oili inabaki ikilowanisha beringi, kondirodi na ukuta wa silinda, halafu vyote vinapanda juu ya pistoni kuchomwa. Oili haizunguki ikarudi. Inapita mara moja tu na kutoka kwa ekzosi. Ndiyo maana petroli tupu inaua injini hii haraka sana, na hapo sibishani na mtu. Anayesahau oili kabisa atanunua silinda na pistoni.

Tatizo ni hatua inayofuata. Watu wanasema: kama bila oili inakufa, basi oili nyingi itaishi zaidi. Utando wa oili ukishatosha kutenganisha chuma na chuma, kinachozidi hakina kazi pale. Kinakwenda juu kwenye moto, na oili haiungui vizuri kama petroli. Inaacha kaboni kichwani mwa pistoni, kwenye tundu la ekzosi na ndani ya mfereji wa ringi, ile pete inayoizunguka pistoni. Ringi ikishagandishwa na kaboni haitanuki tena kubana ukuta wa silinda. Gesi ya moto inapenya pembeni yake, inaunguza ule ule utando wa oili uliotaka kuuongeza, na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, inashuka. Ukivuta kamba unaisikia nyepesi mkononi. Mwenye mashine anaona imechoka, anafikiri inahitaji ulinzi zaidi, anaongeza oili tena.

Kabla ya kufika huko kwenye ringi kuna ugonjwa mwingine ambao ndio unaoniletea wateja wengi kuliko yote. Mashine inawaka vizuri, sailensa (mwendo wa taratibu bila resi) imetulia, lakini ukipiga resi inakohoa, inazama, inagoma kupanda. Ukiachia inarudi kutulia. Mwenyewe ameshaambiwa ni kabureta. Ameshanunua kabureta mpya, ameifunga, na ugonjwa uko pale pale.

Mashine ya namna hiyo naanza nayo kwenye ekzosi. Nyingi zina kiwavu kidogo cha chuma mahali pa kutolea moshi, cha kuzuia cheche zisiwashe majani makavu. Kinashikwa na skrubu moja au mbili. Ukikitoa kwenye mashine iliyolishwa oili nyingi, huoni matundu: ni kipande cheusi kizima, kimelowa ujiuji kama lami, na ukikiinua juani hakuna nuru inayopita. Injini haiwezi kuvuta hewa mpya kama ya zamani haina pa kutokea. Kwenye sailensa moshi ni kidogo, unapenya. Kwenye resi unakwama. Nakishika kwa koleo juu ya moto wa gesi mpaka kaboni iwe nyekundu na kukauka, nakipiga brashi ya waya, nakirudisha. Mashine inalia ile sauti yake. Mteja anaangalia kabureta mpya aliyolipia, na mimi namwomba anionyeshe anavyochanganya mafuta.

Msikitoe kiwavu mkakitupa. Najua mafundi wanaofanya hivyo. Kiangazi, kwenye majani yaliyokauka, cheche moja inatosha kuanzisha moto shambani.

Sasa nije kwenye hoja ambayo watu waliosoma kidogo wanapenda kuileta, maana na wao wananichosha kwa upande wa pili. Wanasema: oili ikizidi, petroli inapungua, mchanganyiko na hewa unakuwa mkavu, injini inapata joto na kunoki. Ni kweli kwamba jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia mafuta, inapitisha ujazo, haijui ipi ni oili ipi ni petroli. Lakini pigeni hesabu. Kwa 50:1, yaani petroli sehemu 50 kwa oili sehemu moja, kila mililita 100 zinazopita zina karibu 98 za petroli. Kwa 25:1 zina 96. Tofauti ni mbili katika mia. Robo mzunguko wa skrubu ya H, ile ya kurekebisha mafuta ya resi kwenye kabureta, inabadilisha zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtu aliyeweka 25:1 kwenye mashine ya 50:1, sidhani kabisa kwamba ukavu ndio utakaomuua. Kaboni itamfikia kwanza. Vitabu vinaiandika hoja hii kana kwamba imekwisha, na mimi kwenye benchi siioni hivyo.

Yule anayemimina kichupa kizima cha mililita 100 kwenye lita moja ya petroli ni habari nyingine. Hiyo ni 10:1. Petroli imeshuka hadi 91 katika mia, na hapo ukavu unaanza kuwa na maana, juu ya kaboni inayojaa kwa kasi. Na hao wapo, tena si wachache.

Ninapofungua ekzosi huwa namulika tochi kupitia tundu lake kuangalia pistoni. Mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi inanielekeza kwenye joto: petroli tupu, kabureta iliyokazwa mno ikabana petroli, au sili ya krenki (mpira wa kuzuia hewa) inayovuta hewa. Upande wa kabureta ukiwa umesagika na kupoteza mng'ao, ni vumbi lililopita kwenye chujio. Haya ndiyo maelezo safi. Ukweli ni kwamba pistoni iliyokufa kabisa mara nyingi imekwaruzwa pande zote, na fundi anayekwambia sababu kwa kuiangalia tu, bila kuuliza habari za mafuta na bila kupima sili, anabahatisha.

Basi kipimo ni kipi? Ni kile cha mtengenezaji, na kinategemea oili pia. Stihl, watengenezaji wa mashine hizi, wanaandika 50:1 kwa oili yao, na kwenye vitabu vya mashine zao nyingi wanaandika 25:1 kwa oili nyingine ya tu-stroki. Mashine nyingi za Kichina za sisi (cc) 43 na 52 zimeandikwa 25:1 kwenye kifuniko cha tangi au kwenye stika, nyingine 40:1. Someni kifuniko chenu, si cha jirani.

Hapa kuna ubishi wa kweli kati yetu mafundi. Wengine wanasema ile 25:1 ya Mchina imewekwa kwa kuhofia oili mbovu, na kwamba ukiwa na oili nzuri unaweza kwenda 50:1 bila wasiwasi. Inawezekana wako sahihi. Mimi, kama mashine imeshazoea kazi na oili ni ya daraja la juu, nakubali 40:1. Kupunguza oili zaidi ya hapo simshauri mteja, kwa sababu beringi na pistoni za mashine hizo hazilingani ubora hata kati ya mbili zilizotoka boksi moja, na mwenye kulipa ikinoki si mimi.

Daraja la oili limeandikwa nyuma ya chupa kwa herufi ndogo: JASO (kipimo cha Wajapani) FB, FC au FD. FB ni ya chini. FC inatoa moshi kidogo. FD inasafisha zaidi, yaani inaacha kaboni kidogo kwenye ringi, na ndiyo ninayoitafuta. Ukiona ISO-L-EGD, ya kipimo cha kimataifa, ni daraja la juu pia. Ukiona TC-W3, hiyo ni ya injini za boti. Imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, na mashine yako inapozwa na upepo, inafanya kazi kwenye joto kubwa zaidi. Ndugu zangu wa Tanga na Bagamoyo, hili ni lenu hasa, maana oili ya boti ndiyo iliyo karibu. Waachieni wavuvi.

Na oili ya gari, ile SAE 40 ya kupimiwa kwenye chupa ya maji? Hapana. Oili ya fo-stroki, yaani injini kama ya gari ambayo oili yake inakaa peke yake bila kuchanganywa na petroli, imewekewa viungo vyenye madini, kalsiamu na zinki, ambavyo ni vizuri sana ndani ya sampu. Vikiunguzwa vinabaki majivu, na majivu yanakaa kwenye plagi na kichwani mwa pistoni. Wazee watakwambia Vespa zao zilikula oili yoyote zikatembea. Zilitembea, na ekzosi zao zilikuwa zinafunguliwa na kuchomwa moto kila mara. Hilo la pili hawalitaji.

Kupima ndiko kunakoharibu kazi hata kwa wenye nia nzuri. Kifuniko cha chupa ya maji si kipimo, kwa sababu vifuniko havilingani. "Mpaka rangi ikolee" si kipimo, kwa sababu kila kampuni inatia rangi yake. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, tupa sindano yake mahali salama. Kwa 50:1, bomba moja kwa lita moja ya petroli. Kwa 25:1, mabomba mawili. Kwa 40:1, mililita 25. Changanya kwenye kidumu, kamwe si ndani ya tangi la mashine: tangulia na nusu ya petroli, tia oili, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Na kila unapojaza tangi, tikisa kidumu kwanza.

Mengine nayapitia haraka, maana hayana ubishi. Chujio la hewa la sponji lioshwe kwa maji na sabuni, likauke, lilowanishwe oili kidogo na kukamuliwa. Kiangazi fanya kila siku ya kazi. La karatasi likung'ute, likichakaa badilisha. Filta ya mafuta iliyo ndani ya tangi ivute kwa waya uitazame. Mapezi ya silinda yasizibwe na majani. Plagi ibadilishwe kwa namba yake. FS 250 ya Stihl, kwa mfano, inatumia NGK BPMR7A, uwazi wa milimita 0.5. Kichwa cha gia kule chini kinahitaji grisi, na karibu hakuna anayekumbuka.

Kama mashine yako ina kifuniko cha oili pembeni, kama Honda zenye injini ya GX35, hiyo ni fo-stroki. Petroli inaingia tupu, oili inakaa peke yake chini, na ni mililita 100 tu. Usichanganye "kwa usalama". Oili ndogo kiasi hicho inachakaa upesi, kwa hiyo huko nguvu zako ziende kwenye kuibadilisha kwa wakati.

Ukiiweka mashine kwa miezi, mwaga tangi na uiache iwake mpaka izime yenyewe. Kuna mafundi wanaosema kabureta ikikauka diaframu, ule utando laini wa ndani yake, inakakamaa, ni bora kuacha mafuta. Nimefungua diaframu zilizokakamaa kwenye kabureta kavu na kwenye zenye mafuta vilevile. Lakini gundi ya petroli iliyooza nimeikuta kwenye zile zenye mafuta tu, na hiyo ndiyo inayoziba jeti, kwa hiyo mimi naendelea kukausha. Mchanganyiko wenyewe usiuweke zaidi ya mwezi. Andika tarehe kwenye kidumu kwa maka peni.

Na mnaoleta mashine kwangu masika haya, msije na mashine peke yake. Leteni na kidumu mnachochanganyia, chupa ya oili, na hicho kitu mnachopimia, hata kama ni kifuniko. Nitaanza na hivyo kabla sijashika spana.