Fredi Washington hakuukana weusi wake

Wapenzi wa filamu za kale wamerudia kwa miaka mingi kwamba Fredi Washington, mwigizaji wa Marekani, aliukana weusi wake ili aishi kama mzungu. Si kweli. Aliyefanya hivyo ni Peola, mhusika aliyemwigiza mwaka 1934 katika filamu ya Imitation of Life: binti mwenye ngozi nyeupe anayemkana mama yake mweusi. Aliigiza vizuri mno, watazamaji wakambebesha dhambi za mhusika.

Washington, mzaliwa wa Savannah, Georgia, alikuwa mweupe kiasi kwamba angejiita mzungu wala hakuna ambaye angemuuliza. Alikataa, na akasema hivyo hadharani. Kukataa huko kulimponza: Hollywood ilimwona mweupe mno kwa nafasi za vijakazi, na kwa kuwa hakuficha asili yake, nafasi za wapenzi wa mashujaa wa kizungu hazikumfikia. Mwaka 1933, katika filamu ya The Emperor Jones, alipakwa vipodozi vya kumtia weusi, maana ilihofiwa watu wangedhani Paul Robeson, mwigizaji mweusi aliyecheza naye, anamkumbatia mwanamke wa kizungu. Hebu fikiria, mwanamke mweusi anapakwa weusi ili aaminike!

Huyo anayedaiwa kuwakimbia watu wake ndiye aliyeshiriki kuanzisha Negro Actors Guild, chama cha waigizaji weusi, mwaka 1937. Miaka ya 1940 akawa mwandishi wa habari za sanaa katika The People's Voice, gazeti la watu weusi la Harlem, mtaa wa jiji la New York.