Steringi hauawi, na bado tunakodoa macho

Mimi ni mhariri wa filamu. Kijana akija kujifunza kukata shoti, yaani vipande vya picha, na kuziunga, namwekea kwanza Commando ya mwaka 1985. Wenzangu hushangaa: hiyo ambayo mtu mmoja anamaliza jeshi zima?

Hiyo hiyo. Tangu utotoni kwenye mabanda ya video tulijua kwamba steringi hauawi, na kwangu hapo ndipo utamu wote ulipo. Ukishajua hafi, huulizi tena kama atapona. Unauliza atachomokaje. Jibu lazima likushtue, lakini pia lifuate sheria ya ulimwengu wa filamu hiyo.

Tazama mwongozaji Mark L. Lester anavyoitangaza sheria yake. Shujaa anapotokea mara ya kwanza tunaonyeshwa buti, tunaonyeshwa msuli wa mkono, na Arnold Schwarzenegger anatembea na gogo zima la mti begani. Hakuna aliyetamka neno, ila tumeshaelewa. Baadaye aking'oa kibanda cha simu chenye mtu ndani, nani atambishia? Gogo tuliliona.

Kisha adui wanamteka bintiye na kumlazimisha apande ndege. Anatoroka kupitia kwenye magurudumu inapopaa, anaangukia kinamasi, anasimama, anatega saa yake ihesabu muda wa saa 11 za safari. Ndege ikitua, adui watajua hayumo. Kuanzia hapo anaweza kufanya lolote la kupindukia, nasi tunamfuata, maana kuna mtoto na kuna saa inayokwenda.

Jambo la pili ni uzito. Katika Fast Five ya 2011 magari mawili yanaburuta sefu kubwa kama chumba kwenye mitaa ya Rio de Janeiro. Hilo haliwezekani, kila fundi gari atakuambia. Lakini watengenezaji waliunda masefu kadhaa ya kuburutwa kweli, na moja wakalitia injini na dereva ndani. Kwa hiyo linapogonga magari yaliyoegeshwa, bati linajikunja kweli, na jicho linajua. Ndiyo maana milipuko mingi iliyochorwa kwa kompyuta hunipita tu: naona moto, sioni kilo.

Shoti ya namna ile mimi siikati mapema. Naiacha mpaka gari lililogongwa litulie na vioo vimalize kumwagika.