Chuo chenye jina kubwa si kikubwa kwa kila kozi

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mitaani Masasi na Newala utasikia: "Ukipata Mlimani, usiangalie kwingine." Watu wanaamini kwamba Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa ni kikongwe, kinakizidi Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) cha Morogoro katika kila fani. Si kweli, na imani hii inawapotosha vijana wetu.

SUA yenyewe ilizaliwa na Mlimani. Kitivo cha kilimo kilichokuwa Morogoro ndicho kilichogeuzwa kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1984. Kwa hiyo uzito wa kilimo, misitu na udaktari wa mifugo ulihamia huko pamoja na walimu na mashamba. Sheria, uhandisi na jiolojia vikabaki Mlimani.

Sasa mfikirie binti wa Newala aliyekulia kwenye mikorosho, anayejua ugonjwa wa ubwiriunga unavyokausha maua na jinsi baba yake anavyopuliza salfa alfajiri. Akitaka kuwa mtafiti wa mimea, pengine pale Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mtwara, basi Morogoro ndiko kwake. Mdogo wake anayevutiwa na gesi ya Mnazi Bay, huyo aende Mlimani.

Ukichaguliwa vyuo viwili, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inakutaka uthibitishe kimoja. Kabla ya kuthibitisha, soma orodha ya masomo ya kozi yenyewe, mwaka kwa mwaka, na uulize mafunzo kwa vitendo yanafanyikia wapi.