"Kaachiwa" siyo "kashinda": nole ni kitu gani na fidia inadaiwaje

Jioni ya tarehe 4 Machi 2022 nilikuwa kijiweni Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, mara dogo mmoja wa bodaboda kaja mbio simu juu anapiga kelele "kashinda! mwamba kashinda kesi!", anamuongelea Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA, aliyekuwa rumande kwa kesi ya ugaidi. Shangwe si shangwe, muuza kahawa akamwaga raundi moja ya bure, na kabla vikombe havijapoa mtu keshapiga hesabu ya fidia, tangu Julai 2021 ni siku mia mbili na ushee mara milioni kadhaa. Mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, akauliza tu, "Ametokea mlango gani, wajukuu zangu?" Tukamuona mzee analeta gundu.

Kumbe ndo swali lenyewe. Kwa sababu siku ile hapakuwa na hukumu, kilichotokea ni nole, na kila mwanaharakati akitoka naona mashabiki tunarudia kosa lilelile.

Nole ni pale Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, anapoiambia mahakama kwamba Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haina nia ya kuendelea na shauri. Basi. Ni ile ya kifungu ambacho miaka yote tumekijua kama cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, anaweza kuitoa wakati wowote kabla ya hukumu, na hakimu hana cha kupinga, anamuachia mshtakiwa palepale. Sasa utamu unaishia hapo, maana kifungu hichohicho kinasema kuachiwa huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale, ingawa siku hizi sheria inataka kwanza kuwe na ushahidi wa kutosha kuendelea na kesi. Ndo maana umeshawahi kusikia mtu kafutiwa kesi saa nne asubuhi, ndugu wamekuja na nguo safi na soda, anatoka mlangoni anakuta difenda inamsubiri, mchana anasomewa mashtaka mapya. Aliyeachiwa kwa hukumu kwamba hana hatia, au mahakama ikasema hana hata kesi ya kujibu, yaani ushahidi wa Jamhuri hautoshi hata kumtaka ajitetee, huyo hilo kosa halimrudii tena, labda Jamhuri ikate rufaa.

Kuna na mlango wa makubaliano na waendesha mashtaka, ule uliowekwa kwenye sheria mwaka 2019, unakiri kosa unapunguziwa adhabu. Mwandishi Erick Kabendera alitoka hivyo Februari 2020, mwanaharakati Tito Magoti akafuata Januari 2021. Mi simlaumu mtu anayechagua hivyo baada ya miezi na miezi rumande kwenye kesi isiyo na dhamana, ila kwenye fidia ujue umeshafunga mlango mwenyewe, utamwambiaje jaji ulishtakiwa kwa hila wakati ulikiri?

Haya, hiyo fidia. Dai linaitwa kushtakiwa kwa hila, na mahakama zetu zinataka vitu vitano vyote kwa pamoja: kwamba huyo unayemdai ndo alikushtaki, kesi iliisha kwa faida yako, hapakuwa na sababu ya msingi ya kukushtaki, kulikuwa na nia mbaya, na uliumia kwa hilo. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, siyo wao. Ukitoka kwa nole, hicho cha pili tu mawakili watagombana mpaka jioni, kwamba kesi iliisha au imelala? Na cha tatu ndo balaa, kwa Mbowe mahakama ilishasema tarehe 18 Februari, wiki mbili kabla ya nole, kwamba ana kesi ya kujibu, sasa ukasimame useme hapakuwa na sababu kabisa, utatoka jasho.

Lakini usikate tamaa haraka, maana kukaa ndani kinyume cha sheria ni dai jingine kabisa. Kama polisi walikushikilia siku tisa bila kukupeleka mahakamani wakati kosa lenyewe sheria inataka ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo, hilo halijali kesi iliisha kwa mlango gani.

Ukitaka kuidai serikali unaanza na notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, halafu Mahakama Kuu, na sisi wa Kigoma tunashukuru ipo hapahapa siku hizi, zamani ilikuwa mpaka upande treni kwenda Tabora. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Wanaotaka kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha wakimbie, kule ni miezi 2 tu, na watu wengi wanaimaliza wakiwa bado kwenye sherehe za kumpokea mtu wao.

Kwa hiyo mtu wenu akitoka, mpokeeni, mchinjieni hata mbuzi, ila kabla hamjaondoka pale mahakamani mmoja wenu aende masjala aombe nakala ya hati ya mashtaka na ya amri ya kuachiwa. Wakili atakayewapokea ataanza na hizo karatasi mbili.