Usinunue Sienta wala Noah kabla hujaipandisha mlima ikiwa na watu saba

Gereji yangu ipo Moshi. Kila Januari, wiki ile ya kwanza, najua magari ya aina gani yatanisubiri getini: Sienta, Wish, Noah, mojamoja Isis, zote Toyota za kubebea familia. Yametoka Dar na familia nzima kwa sikukuu za Desemba, zaidi ya kilomita 500, na mchele, sukari na madumu ya mafuta ya kula nyuma. Yamelala usiku mmoja, kisha yakaanza kupanda na kushuka: harusi Kibosho, kipaimara Marangu, kumsalimia bibi Rombo. Mwenye gari anashuka na kuniambia maneno ambayo nimeyasikia mpaka nimeyakariri: "Fundi, linavuma tu, haliendi."

Mengi ya magari hayo yalinunuliwa Oktoba au Novemba, kwa ajili ya safari hiyohiyo. Ndiyo maana naandika sasa, kabla hujampa dalali hata shilingi moja.

Gari la watu saba huuzwa likiwa na mtu mmoja ndani. Utalikuta yadi, limeoshwa, tairi zimepakwa rangi, kiyoyozi kinapuliza. Dalali anakupa funguo, unazunguka dakika tano kwenye lami tambarare, unarudi umefurahi. Umepima kila kitu isipokuwa kazi unayolinunulia. Gari lenye giaboksi iliyochoka linaweza kumbeba mtu mmoja mwezi mzima bila kulalamika. Mpe familia na mlima, siri inatoka siku ya kwanza.

Nami nilijifunza kwa uchungu wa mtu mwingine. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea Sienta niikague kabla hajalipa. Nilisikiliza injini, nikaitazama chini, nikapima kwa mashine, hakuna kosa hata moja lililosoma. Nikaendesha peke yangu hadi mzunguko wa Arusha Road na kurudi. Nikamwambia, "Mwalimu, chukua." Baada ya wiki tatu alirudi. Alikuwa amebeba mkewe, watoto na mama mkwe kupanda Kibosho. Katikati ya kilima gari likaanza kuteleza, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, mwendo unashuka. Tulipomwaga oili ya giaboksi ilitoka nyeusi, inanuka kuungua. Tena haikuwa oili ya CVT, aina ya giaboksi iliyokuwa humo. Kabla ya hapo gereji nyingine iliweka oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, ile nyekundu. Pesa aliyoiweka kwa miaka minne ilikuwa imeshatoka mkononi. Tangu siku hiyo sikagui minivani nikiwa peke yangu ndani.

Ieleweke CVT ni nini, maana ndiyo iliyo kwenye nyingi ya gari hizi. Ndani hamna gia moja, mbili, tatu. Mna puli mbili, na katikati yake mkanda uliosukwa kwa vipande vidogo vya chuma. Puli zinabanwa kwa nguvu ya oili ili zishike mkanda. Oili ikiwa siyo yenyewe, au imechoka, au imepata moto ikawa nyepesi kama maji, mbano unapungua. Mkanda unateleza, ukiteleza unakwangua uso wa puli, vumbi la chuma linaingia kwenye oili, vali ndogondogo zinaziba, mbano unapungua zaidi. Ni ugonjwa unaojilisha wenyewe. Na oili ikiwa baridi bado ni nzito, inashika, kwa hiyo asubuhi pale yadi kila kitu ni kizuri.

Basi fanya hivi. Kabla ya bei, mwambie muuzaji unataka kujaribu gari saa nzima na watu wako. Akikataa, umeshapata jibu. Endesha kwanza dakika 30 au 40 mpaka oili ipate moto kweli. Kisha tafuta mlima. Sisi huku tumebarikiwa: kutoka Moshi mjini, mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi geti la Marangu lililo juu ya mita 1,800. Mtu wa Dar atafute kilima chochote kirefu, hata kile cha Kimara, mradi asipande peke yake. Katikati ya mlima simama kabisa, kisha ondoka taratibu. Gari likitetemeka mwilini wakati wa kuondoka, kama mtu mwenye homa, shuka. Mizunguko ikiruka juu bila mwendo kuongezeka, shuka. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda pamoja na mwendo, fungua kioo usikilize vizuri, halafu shuka. Mkifika juu, acha injini inaunguruma, weka R, kisha D. Gari linatakiwa kushika mara moja. Likikaa sekunde mbili linafikiria, hiyo siyo tabia ya gari, ni ugonjwa.

Sasa namba ya chesisi. Watu wa kwetu hununua kwa herufi za kibao: "hii ni namba D," "hii ni E, bado mpya." Herufi hiyo inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini wala lina injini gani. Fungua boneti, tafuta kibati cha chuma, soma herufi za mwanzo za chesisi. Hapo ndipo gari linapojitambulisha.

Sienta ya zamani, iliyotengenezwa 2003 hadi 2015, ikiwa NCP81 ina injini ya 1NZ-FE ya 1.5 na CVT. Ikiwa NCP85 inavuta tairi zote nne, na giaboksi yake ni ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne. Kwa mtu anayeishi mlimani, Old Moshi au Mamba, nasema bila kusita: tafuta NCP85. Inakula mafuta kidogo zaidi, lakini giaboksi ile inavumilia mlima na inavumilia fundi asiyejua. Injini ya 1NZ yenyewe sina ugomvi nayo. Inatumia cheni, vipuri vyake viko kila duka, ni ileile iliyo kwenye Vitz na IST. Sienta iliyofuata, kuanzia 2015, ni NSP170 ya petroli na NHP170 ya haibridi, yaani petroli na umeme. Wasomaji wa Kenya wataiona hiyo zaidi kwa sababu kwao gari lililopita miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Haibridi ni gari zuri, ila usinunue kabla ya kupima betri kubwa kwa mashine inayosoma kila kundi la seli peke yake, na usiruhusu mizigo au nguo zizibe njia ya hewa inayoipoza.

Wish inachanganya wengi, maana nje zinafanana. Ya kwanza, 2003 hadi 2009, ikiwa ZNE10 ina injini ya 1ZZ-FE ya 1.8 na otomatiki ya gia nne. Giaboksi imara, lakini 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana duniani kote kwa kula oili: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yanaziba, ringi zinakwama. Baadaye pistoni zilibadilishwa. Kwa hiyo kwa Wish ya zamani chomoa kijiti cha oili mwenyewe kabla ya kuwasha, kisha mtu atazame nyuma wakati unashuka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta na ghafla unakanyaga. Moshi wa bluu ukitoka, unanunua gari pamoja na lita za oili kila mwezi. Wish ya 2.0, yenye 1AZ-FSE, ina sindano zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na pampu ya presha kubwa. Ina nguvu, nakiri, lakini inataka petroli safi na fundi aliyetulia. Mimi simshauri mtu wa kijijini. Wish ya kuanzia 2009 yote ni CVT, rudi kwenye habari ya mlima.

Noah ni kubwa kuliko hizo mbili, ila huwezi kuandika habari hizi Kilimanjaro ukairuka. Huku na Arusha imebeba abiria mpaka jina lake limekuwa jina la kila gari la umbo hilo. SR40 na SR50, zile za miaka ya tisini mwishoni, injini ya 3S iko chini ya viti vya mbele na inatumia mkanda wa taimingi. Muulize muuzaji mkanda ulibadilishwa lini. Akisema "hauna tatizo," hesabu kwamba utaubadilisha wewe wiki ya kwanza. Noah za 2001 hadi 2007, AZR60, ni 1AZ-FSE tena. Angalia maji: fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi, washa, tazama kama kuna mapovu yanayoendelea kutoka. Maji ya kahawia yananiambia gari lilinyweshwa maji ya bomba miaka, bila kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini. Noah za 2007 kuendelea, ZRR70, baadhi zina mfumo wa Valvematiki, unaorekebisha kwa umeme jinsi vali zinavyofunguka. Kompyuta yake ndogo juu ya injini ikiharibika gari linakuwa zito kama limefungwa breki, na kuibadilisha siyo bei ya kuazima.

Milango ya kuteleza nayo ina habari zake. Ya umeme ina mota na waya wa chuma unaovuta. Waya ukikatika mlango haufunguki vizuri hata kwa mkono. Kwenye dashibodi kuna swichi ya kuzima umeme wa milango. Nimekuta magari kadhaa yadi swichi hiyo imezimwa, mnunuzi anaambiwa mlango ni wa kuvuta kwa mkono. Iwashe, fungua na funga kila mlango mara kumi. Halafu tazama kona ya chini ya nyuma ya mlango: ikiwa imeshuka au imekwaruza rangi, magurudumu madogo yamekwisha.

Kiti cha tatu mkalishe mtu mzima, siyo mtoto. Kwenye Sienta mtu mzima atavumilia hadi Himo, Dar hafiki. Na viti vyote saba vikiwa na watu, nyuma nafasi inayobaki ni ya mifuko midogo tu. Mama mmoja wa Marangu mwenye Sienta aliniambia kitu ambacho wauzaji hawasemi: "Fundi, nilinunua gari la watu saba, ninalo gari la watu watano na ndizi." Yeye ameridhika, analitunza vizuri sana, ila angejua mapema.

Ukiwa chini, pitisha kiganja upande wa ndani wa tairi za nyuma. Zikiwa zimelika ndani, huenda gari lilibebeshwa mno. Tazama na springi kama zimewekewa spesa, vipande vya kuinulia gari. Siyo kosa kwa barabara zetu, lakini ulizia shokapu zilibadilishwa pamoja nazo au la.

Kilomita za dashibodi usizipe moyo. Magari ya Japani hukaguliwa na serikali yakitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na hati ya kuyatoa nchini huandikwa kilomita. Omba hati hiyo, pamoja na karatasi ya mnada wa Japani. Daraja la R au RA maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa karatasi hiyo, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu. Kama karatasi hakuna, tazama raba ya pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva. Raba iliyoisha na kilomita 60,000 haviwezi kuwa vya gari moja.

Ukiagiza mwenyewe, kokotoa kodi kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, kabla ya kulipia gari. Kodi ya uchakavu ndiyo inayowashtua watu: gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, lililozidi 10 asilimia 30, na viwango huweza kubadilika bajeti ya Juni. Ukinunua la hapa, angalia deni la faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, na jina lililo kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayepokea pesa. Akisema gari ni la shemeji yake, shemeji aje.

Wiki ya kwanza baada ya kununua, mwaga oili ya injini, kulanti na oili ya giaboksi. Ya CVT isome ilivyoandikwa na watengenezaji: Toyota za zamani ni CVT TC, mpya ni CVT FE, na hizo mbili hazichanganywi. Usimwache fundi akuwekee iliyopo dukani. Mimi mwenyewe ukija kwangu, nionyeshe chupa kabla sijafungua, nami nitakuonyesha oili ya zamani kwenye beseni jeupe tuitazame pamoja juani. Kama inang'aa chembe za chuma, tutazungumza juu ya safari ya Desemba kabla hujakata likizo.