Nyumba Kongwe Kugeuzwa Madarasa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila ninapoitwa na kamati ya skuli iliyopewa nyumba ya mawe Unguja au kwengineko mwambao, nakuta hamu kubwa ya kuwaondoa watoto chini ya mwembe. Hamu hiyo naiheshimu. Lakini huja na maneno yaliyozoeleka, na mengine yanaweza kuua.

"Jumba limesimama zaidi ya miaka mia, watoto watalifanya nini?"

Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la Mji Mkongwe wa Unguja, ilijengwa 1883. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka wakati ikifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Umri haukuikinga.

Nyumba ya kuishi haikujengewa darasa. Kwa viwango vya Kiingereza ambavyo wahandisi wetu wamevitumia miaka mingi, sakafu ya nyumba hupigiwa hesabu ya kubeba kama kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Ya darasa, kilo 300. Ni mara mbili. Chumba alichokuwa akilala bibi na wajukuu wawili unakitia watoto arubaini na madawati yao, na kengele ikilia wote wananyanyuka kwa pamoja.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza rangi, panda juu na bisibisi. Boriti ya mkoko ukiichoma katikati ya chumba itakurudisha mkono, ni ngumu kama chuma. Sasa ifuate mpaka inapoingia ukutani, uchome pale pale kwenye ukuta. Mara nyingi shibiri ya mwisho inaingia bisibisi mpaka kwenye mpini, na kinachotoka ni ungaunga. Boriti nzima inaonekana salama kwa anayeitazama kutoka chini, kumbe imeshikiliwa na lipu. Zihesabu zote, moja moja, uziandike, kisha mwite mhandisi. Na kabla fundi hajagusa kitu, dari iwekewe miti ya kuegemeza, kwa sababu hatari kubwa iko wakati wa kazi yenyewe.

"Tuvunje ukuta wa kati tupate darasa pana."

Vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Ukuta wa kati ndio unaopokea boriti za pande zote mbili. Ukiutoa, umeitoa dari. Vyumba vyembamba vipeni kazi inayovifaa: maktaba, chumba cha walimu, vikundi vidogo vya kusoma. Darasa la watoto wengi lijengwe uani kama nafasi ipo, au chini, ambako sakafu imekaa juu ya ardhi.

"Saruji ni imara kuliko chokaa."

Hapa ndipo pesa za wahisani zinapopotea. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wa nusu mita au zaidi. Maji ya ardhini hupanda ndani yake pamoja na chumvi, siku zote. Lipu ya chokaa huyaruhusu yatoke yakauke kwa upepo. Saruji huyafungia ndani, nayo yakikosa pa kutokea huzidi kupanda, mpaka yafike kwenye vichwa vya boriti. Ile shibiri iliyooza, mara nyingi imeozeshwa na ukarabati uliopita.

Niliwahi kuingia darasa lililokuwa limepigwa lipu ya saruji miaka michache nyuma. Ukuta mweupe, laini, wa kupendeza. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama mtungi mtupu. Tulipobandua kipande, udongo wa nyuma yake ulikuwa umelowa kiasi cha kufinyangika kiganjani. Upande wa pili wa ukuta ule walikuwa wamekaa watoto wa darasa la pili.

Tumia chokaa iliyozimwa kwa maji ikalala shimoni kwa wiki kadhaa, ipigwe tabaka kwa tabaka, na juu yake rangi ya chokaa. Rangi ya mafuta nayo inaziba.

"Likizo moja inatosha."

Haitoshi. Chokaa haiharakishwi, na masika hayangoji. Paa ndilo la kwanza kuzibwa, kazi ya kuta ianze mvua zikishakatika. Pesa pia: mimi sikubali makadirio yasiyotenga akiba ya kama moja ya tano, maana ukibandua lipu ndipo unapoijua nyumba.

"Ni mali ya skuli, kibali cha nini?"

Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000. Hata dirisha hubadilishi kwa kujiamulia. Nendeni mapema, na michoro.

"Madarasa kwanza, vyoo baadaye."

Mwongozo wa Tanzania Bara ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Nyumba ya familia ina viwili. Hesabu hiyo iingie siku ya kwanza, pamoja na mahali pa shimo, mbali na msingi na kisima.

"Mlango wa kuchonga unatosha, ni mpana."

Ni mzuri, na usiguswe. Lakini hufunguka kwa ndani na una kizingiti kirefu. Watoto wakikimbia kwa hofu, wa mbele wanaubana wenyewe. Machi 2001, skuli ya Kyanguli nchini Kenya, wanafunzi 67 walikufa kwa moto bwenini, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana nondo. Kwa hiyo mbao zote mbili za mlango zitiwe ndoana ukutani asubuhi, zibaki wazi mpaka mtoto wa mwisho atoke, kizingiti kiwekewe ngazi ya mbao ndani na nje, na utafutwe mlango wa pili wa kutokea uani. Kama hakuna pa kuutoa mlango wa pili, nyumba hiyo ghorofani wasipandishwe watoto.